Jani la Sale kwa Mama Elieza

Mama, shikamoo.

Marahaba nimejijibia mwenyewe, maana tangu tukulaze nyuma ya migomba sina tena wa kuniitikia kwa ile sauti yako nzito ya asubuhi. Nakuandikia kwa kalamu niliyoizungushia kitambaa inenepe, kwa sababu kalamu nyembamba vidole vyangu haviiwezi. Ndiyo, na mimi yamenipata. Ile baridi yabisi yako umenirithisha pamoja na shamba na kesi, na katika hiyo mizigo mitatu kuna mmoja nimeutua. Usinikasirikie kabla hujanisikiliza.

Ilianza hapa hapa Same, nikiwa kwenye cherehani. Asubuhi moja nilishindwa kutunga uzi kwenye sindano, nikasingizia usingizi. Baadaye vidole vikawa vinaamka vimevimba na kukakamaa, mpaka jua likichomoza vizuri ndipo vinakubali kukunjika. Kuna gauni la sendofu nilimrudishia mwenyewe halijaisha, nikaingia ndani nikalia. Fundi asiye na vidole ni fundi gani? Nikakumbuka ulivyokuwa ukinipa chupa ya mafuta nikufungulie kifuniko, nami nacheka, nawe unaniambia, "Adhabu ya kaburi aijua maiti." Sikuielewa. Sasa naielewa, na wewe ndiye uliyeko huko.

Hospitali nilimkuta daktari binti mdogo tu. Nilidhani ataangalia mikono aandike dawa, nijiondokee. Yeye akaniuliza nimekula nini, tumbo langu likoje, nalala vipi, na kuna jambo gani linanisumbua moyoni. Nikamwambia nimekuja na vidole, sikuja na tumbo. Akacheka, akanieleza taratibu. Alisema ugonjwa huu ni askari wa mwili kuvamia viungo vya mwenye mwili, na wengi wa askari hao wanakaa jirani na utumbo, ambako wanaishi vijidudu vingi vya kutusaidia. Ukiwalisha vizuri wale vijidudu, kwa maharage, mboga za majani, matunda, maziwa ya mgando, tumbo linatulia. Ukiishi kwa sukari, vitu vya kukaanga na wasiwasi, tumbo linachafuka, na uvimbe unaweza kuzidi. Hakuniambia chakula kitaniponya. Alinionya kabisa kwamba wataalamu wenyewe bado wanachunguza, na dawa nisiache hata nikijisikia nafuu. Lakini aliniuliza tena, "Mama, moyoni kuna nini?"

Nikamjibu kuna kesi.

Unaikumbuka mikono yako, Mama? Mimi nimekaa nikaikumbuka vizuri. Kabla ya ule ugomvi, kule nyumbani Bombo, milimani, wewe na jirani yetu Mama Elieza mlikuwa mnatwanga mahindi ya makande pamoja, mnapokezana mchi, na jioni mnagawana chungu kimoja. Ulikuwa unalalamika magoti kidogo wakati wa ukungu, basi. Halafu akapanda upya masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka, ukasema ameyasogeza upande wetu. Kipande chenyewe, mbuzi akilala pale mkia unabaki kwa jirani. Watani wetu wanasema Mpare yuko radhi auze ng'ombe ashinde kesi ya kuku, na wewe hukutaka kuwaangusha.

Kuanzia hapo makande yakakoma. Siku za baraza la ardhi ulikuwa unatoka na chai ya rangi yenye sukari ya kutosha na dawa za maumivu ulizonunua dukani, unazimeza tumbo tupu ili uweze kutembea. Tumbo likawaka moto, ukaongeza chai. Tarehe ikikaribia tu, vidole vinaumuka. Tulikuwa tunajua kesi imekaribia kwa kutazama mikono yako. Nikikuambia ulale unasema, "Nitalalaje, na kesho kuna baraza?" Na ukiumwa sana ulikuwa unanong'ona kwamba Mama Elieza ndiye amekufunga vidole kwa mambo yake. Nilikuamini. Nilimchukia yule mama kwa ajili ya vidole vyako.

Halafu ukaniachia lile neno kitandani. "Kesi usiiache. Ukiiacha, umeniua mara ya pili." Mama, uliniwekea mzigo. Nimeubeba kwa sababu nakupenda, nikawa na mimi nakunywa ile chai, na mimi nameza zile dawa tumbo tupu, na mimi silali. Siku moja nilitazama mikono yangu juu ya cherehani nikaona ni mikono yako ile ile. Nikaogopa kuliko siku uliyokufa.

Basi Jumamosi nilipanda Bombo. Nilikata jani la sale, la pale pale kwenye mpaka tunaogombania, maana wazee walituachia kwamba mmea huo unaotenganisha mashamba ndio huo huo, jani lake likifungwa fundo, unaoombea msamaha. Kulifunga fundo kulinichukua muda. Vidole viligoma, nikamalizia kwa meno. Nikaenda nalo mlangoni kwa Mama Elieza, nikamwamkia, nikamnyooshea. Nilijua akilikataa nitakuwa nimekuasi bure.

Alilipokea kwa mikono miwili, na ndipo nilipoiona ile mikono. Imepinda, Mama. Vifundo vimevimba kama vyako vya mwisho, pengine zaidi. Alijaribu kulifungua lile fundo, akashindwa. Nikajaribu mimi, nikashindwa. Tukatazamana. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Mwanangu, miaka yote hii nilijua mama yako ndiye aliyenifunga vidole." Tukacheka mpaka tukalia, sijui kipi kilianza. Nyinyi wawili mlikuwa mnaumwa ugonjwa mmoja, kila mmoja jikoni kwake na chai yake, na kila mmoja anamwogopa mwenzake.

Jani tumelichomeka juu ya mlango wake likiwa na fundo lake. Barazani tumekwenda pamoja kusema kesi imekwisha. Masale yabaki yalipo. Kile kipande tumekubaliana tupande maharage, atakayekuwa na nguvu apalilie, na tukivuna tupike chungu kimoja. Kliniki nitampeleka kwa yule yule binti, na tayari Mama Elieza ameanza kubishana nami kuhusu sukari kwenye chai. Vidole vyangu bado vinauma, sikudanganyi. Lakini jana niliamka nikatunga uzi kwa jaribio la kwanza, na nilikuwa nimelala usingizi wa kweli.

Kama nimekuua mara ya pili, nisamehe. Mimi naona nimekupumzisha. Nakuahidi nitakula kwanza ndipo nimeze dawa, na dawa sitaacha. Nakuahidi chungu cha kwanza cha makande nitakileta pale nyuma ya migomba, na Mama Elieza atakuja nacho, tukae nawe.

Haya, Mama, kwaheri. Lala sasa. Kesho hakuna baraza.

Mwanao,
Nakijwa