Pindo la Kabuti

Baba,

Barua huanza kwa kuuliza hali, kisha mwandishi anasema yeye hajambo. Wewe sikuulizi, na mimi sitakudanganya. Naandika herufi kubwa na kuacha nafasi pana kati ya maneno, kama ulivyopenda tangu ulipojifunza kusoma katika kisomo cha watu wazima. Ulipokuwa mgodini Buhemba sikukuandikia kwa sababu hukujua kusoma. Ulipojua kusoma tulikuwa tunaishi mji mmoja, mlango wako unatazamana na wangu, na nani humwandikia barua mtu anayemwona akipiga mswaki? Kwa hiyo hii ndiyo ya kwanza.

Mvua zimeanza. Mama Wakuru ni mjamzito, mimba imeanza kuonekana. Shamba la kijiji limepimwa upya na sisi tumepewa upande wa kule kwenye mawe, lakini tumeshalima. Jinsi tulivyolima ndiyo habari niliyotaka kukuletea, na siwezi kuileta bila kukwambia kwanza kwamba nina wivu. Nilikuwa nao ukiwa hai. Nilidhani tutauzika pamoja na wewe, kumbe umebaki hapa na mimi, unakula na kushiba.

Nianze na yule ng'ombe.

Unakumbuka mwaka ule wa kuhamia vijijini, lori la serikali lilipokuja kule mlimani kwetu kubeba mabati, magunia ya mtama na vitanda. Sisi wote tulipanda. Wewe ulikataa. Ulisema utakuja kwa miguu na ndama, yule mwenye mabaka aliyefiwa na mama yake, uliyekuwa ukimnyonyesha maziwa kwa kumpa vidole. Tulifika, tukajenga kibanda cha nyasi, tukangoja. Jioni nilikuona ukija kwa mbali na kabuti lako la mgodini, na ndama yuko mabegani. Alichoka njiani, ukambeba. Ulipomshusha ulimfuta matope miguuni, ukamwambia kwa lugha yetu, "Umefika, mwanangu."

Mimi nilikuwa nimesimama karibu, nimeshika panga la kukatia nguzo. Nilikuwa mwanamume mwenye mke na mtoto. Bado neno lile lilinichoma. Nikajaribu kukumbuka siku uliyoniita hivyo, nikatafuta sana. Uliniita Magesa. Ukiwa na hasira uliniita "wewe". Mbele ya wageni ulisema "huyu kijana".

Mabaka alikua, akahasiwa, akawa maksai anayetangulia katika nira. Kila siku niliyokuwa nyuma nimeshika plau, nilikusikia mbele ukizungumza naye, pole pole, "Geuka, mwanangu, mawe hayo, tazama mguu." Nilijua ninamwonea wivu ng'ombe. Ni jambo gani hilo la kumwambia mtu? Sikumwambia mtu.

Halafu kuna binti yangu, Wakuru.

Najua desturi. Baba na mwana hawataniani, na babu na mjukuu ndio wa kutaniana. Desturi hii niliikuta na siwezi kukulaumu kwayo. Lakini nilikuwa nikisikia kicheko chako kule kwenye moto wa zizi, na sikuwa nimekijua kicheko hicho. Ulimwita "mke wangu mdogo". Yeye alikwambia, "Mume gani huna meno, utakula nini kwangu?" Ukamjibu, "Nitakula uji, na wewe ndiye utakayepika, uvivu wako uuache kwa baba yako." Naye akaja kuniambia kila kitu, mimi niliyetajwa kama mvivu, akiwa amefurahi. Mkienda kisimani ulimshika mkono. Mkienda kwa jirani yetu Mzee Kisyeri ulimshika mkono. Watu walisema, "Wambura na mke wake wanapita," nawe ukainua kofia.

Mimi mkono wako sikuupata. Nilipata pindo la kabuti.

Sijui kama ulikumbuka. Ilikuwa siku ya sherehe za Uhuru, ulikuja kutoka Buhemba, ukanichukua mimi peke yangu, tukapanda lori la pamba hadi Musoma. Sikuwa nimewahi kuona ziwa. Sikuwa nimewahi kuona watu wengi hivyo, ngoma kila upande, bendera mpya, wanawake wanalia na kucheka. Nikaogopa, nikanyoosha mkono kukushika. Ukautazama, ukasema, "Wewe ni mwanamume. Shika pindo la kabuti langu, usiliachie." Nikalishika siku nzima. Nilipitishwa katikati ya Uhuru nikiwa naona mgongo wako tu, nanusa moshi wa tumbaku na ile harufu ya mawe yaliyosagwa ya mgodini. Vidole vilikufa ganzi. Ukaninunulia sambusa, nikaila kwa mkono mmoja kwa sababu wa pili ulishika pindo uliloniambia nisiliachie.

Nimeitunza siku hiyo kama kitu kizuri kuliko vyote nilivyo navyo kutoka kwako. Mpaka nilipoona Wakuru anapewa mkono bila kuuomba.

Tulipomaliza matanga, Mzee Kisyeri alilitoa kabuti lako mbele ya watu. Unajua kwetu mwana wa kwanza hulivaa siku hiyo, watu waone kwamba mji una mwenyewe. Kisyeri alinivisha, akalivuta mabegani, akasema, "Limekupwaya kidogo, utanenepa." Watu wakacheka, hata waliokuwa wanalia. Nikasimama nikiwa mimi ndiye mkubwa wa mji. Ndipo Wakuru akapita kati ya wazee, akaja hadi kwangu, akalinusa kabuti, akasema kwa sauti ya kusikika, "Baba, vua. Hilo ni la babu."

Wazee wakamwambia aa, mtoto, nyamaza. Mama yake akamtoa. Nilibaki nalo mpaka watu walipotawanyika, halafu nikalitundika kwenye msumari ndani kabisa, nyuma ya ghala la mtama, na sikuligusa tena. Sikukasirika na mtoto. Nilimwonea wivu, kwa kuwa yeye alikuwa na wa kumlilia anayemjua, na mimi nilikuwa nimevikwa nguo ya mtu aliyenionyesha mgongo. Nisamehe. Nimesema sitakudanganya.

Basi mvua zikaanza na nikafunga ng'ombe. Yule wa pili alikubali nira. Mabaka alikubali nira pia, akaenda mstari mmoja mpaka mwisho wa shamba, akasimama. Nikapiga mluzi. Nikapiga fimbo. Akageuza kichwa akanitazama, akatazama nyuma yangu, kama mtu anayeuliza mwenye nyumba yuko wapi. Familia zote za kijiji zilikuwa pale, kila moja kwenye kipande chake. Mzee Kisyeri akaita kutoka upande wake, "Magesa, huyo ng'ombe amefiwa. Mpe pole kwanza!" Mwingine akajibu, "Hapana, anangoja salamu. Wambura alikuwaga anamsalimia kabla ya kazi." Wakacheka, na mimi nikacheka ili nisionekane nimeumia.

Nilijua Mabaka anangoja nini. Neno moja tu, nalo liko mdomoni mwangu. Baba, sikuweza. Nilifungua kinywa, nikakifumba. Nimwite mwanangu, ng'ombe, kwa neno ambalo mimi mwenyewe sijaitwa, mbele ya kijiji kizima? Wakuru alikuwa pembeni na chakula, akataka kuja kumsemesha. Nikamwambia arudi nyumbani. Tulilima kwa jembe la mkono siku ile, na iliyofuata pia, na jinsi mgongo wa mama yake ulivyoumia na mimba ile mnajua wenyewe, ninyi mliotangulia mnaotutazama.

Usiku nikasema Mabaka ataenda mnadani Bunda. Nilisema ni mkaidi, amezeeka kabla ya wakati, tutanunua maksai mwingine anayesikia. Mama Wakuru akasema, "Si alikuwa anasikia juzi?" Wakuru alilia mpaka akapitiwa na usingizi, na nilipoamka alikuwa amekwisha kuvaa viatu vyake vya raba, akasema kama Mabaka anaenda Bunda, yeye naye anaenda Bunda.

Asubuhi hiyo mvua ilikuwa inanyesha ile ya baridi, ya pande zote. Sikuwa na koti. Nikaenda nyuma ya ghala nikatwaa kabuti lako kwenye msumari, na nilijiambia ni kwa sababu ya mvua.

Nilipotoka nalo zizini, Mabaka alinyanyua kichwa. Akaja. Akaweka pua yake hapa, kwenye pindo, mahali pale pale, akavuta pumzi ndefu, akalikamata kwa midomo kama ndama. Nilifunga kamba kwa desturi tu, kwa maana haikuvutwa. Nilitembea na yeye alinifuata, njia yote, mvua ikitupiga, pua yake ikigusa pindo kila baada ya hatua chache. Nikigeuka anasimama. Nikienda anakuja.

Nilijua namna anavyotembea, Baba. Nilijua kwa vidole vyangu. Huyo alikuwa mimi, Musoma, siku ya Uhuru.

Sikujua kama nicheke. Miaka yote nilikuwa nikimwonea wivu ng'ombe kwa kupata nilichonyimwa, na sasa ananifuata kwa namna ile ile niliyokufuata. Tena ulimbeba, ndiyo, na ulimwita mwanao, lakini katika safari nyingine zote alifuata pindo, sawa na mimi. Tulilelewa na pindo moja.

Mnadani Bunda kulikuwa na watu wengi na matope ya kufika kwenye magoti. Mnunuzi mmoja alimzunguka Mabaka, akamshika nundu, akamtazama meno, kisha akaniangalia nilivyosimama na maksai mzima anatafuna nguo yangu. Akasema, "Ndugu, wewe unamuuza huyu, au yeye ndiye anakuuza wewe?" Wenzake wakacheka. Nikasema hauzwi. Akasema, "Sasa umemleta kufanya nini, kuangalia sinema?" Nikasema ndiyo, hajawahi kuona Bunda.

Wakuru akaanza kuruka ruka kwenye matope. Halafu kundi la ng'ombe wengine likaletwa kwa kasi, watu wakasukumana, na yeye akaogopa. Akanyoosha mkono kwangu.

Nikafanya nini? Nilimpa pindo. Nakwambia ukweli, mkono wangu wenyewe ulikwenda bila kuniuliza, ukashika pindo la kabuti ukamwelekezea. Nikasema, "Shika hapa, usiliachie." Akalitazama pindo, limelowa, lina mate ya ng'ombe, akanitazama mimi kama mtu aliyefanyiwa utani asiouelewa. Akasema, "Babu hakunishikishaga nguo."

Wivu wote nilio nao uliamka. Nikataka kumwambia, ndiyo, wewe hakukushikisha, lakini mimi je? Nikataka kushindana na mtoto wa kike anayetetemeka, katikati ya mnada. Halafu nikaona mkono wake bado uko hewani. Hakuwa ameushusha. Ni mtoto ambaye mkono wake haujawahi kurudishwa, kwa hiyo hajui kuushusha.

Nikaushika.

Ni mdogo, Baba, na una joto, na kidole gumba chake kinasugua nyuma ya mkono wa mtu, pole pole, bila yeye kujua. Niliuliza umejifunza wapi hivyo. Akasema, "Babu ndiyo alikuwaga ananifanyia." Tukatembea hivyo kutoka mnadani, watu wa kijiji chetu wakituona, Mabaka nyuma na pindo, Wakuru kando na mkono, mpaka tulipopita nyumba za mwisho. Nilikuwa nashika mkono ulioshika wako. Mkono wako umechelewa kunifikia, na umepitia kwa mwingine, lakini umenifikia.

Siku ya pili tulilima upande wa mawe. Nilivaa kabuti ingawa jua lilikuwa kali, na Kisyeri akauliza kama nina homa. Mwisho wa mstari Mabaka akasimama. Nikasema lile neno. Nilisema kwa sauti ndogo, Wakuru ndiye pekee aliyesikia, akaangalia pembeni kama mtu mzima. Mabaka akageuka.

Wivu haujaisha. Jana nilimsikia Wakuru akimsimulia mama yake kisa cha wewe na fisi wa Buhemba, ambacho mimi sikijui, nikakaa nje ya mlango nikisikiliza mpaka mwisho, nikiwa na kisu cha kukwangulia viazi mkononi. Nilimwonea wivu hata fisi huyo. Lakini leo asubuhi nimemwomba Wakuru anisimulie mimi mwenyewe. Amesema atanisimulia nikienda naye kisimani. Tutakwenda nikimaliza kuandika.

Sasa nakuaga, Baba, vizuri, siyo kama siku ile ya mazishi niliposimama kama nguzo. Kabuti nimelihamisha, liko msumarini karibu na mlango, mahali pa nguo inayovaliwa. Mabaka hauzwi maadamu mimi ni mzima. Na huyu anayekuja, awe wa kike au wa kiume, sitangoja apate watoto wake ndipo nimshike mkono. Akiwa wa kiume atachukua jina lako, nami nitamwita lile neno tangu siku ya kwanza, mbele ya Kisyeri na kijiji kizima wakitaka kucheka.

Lala, mzee wangu.

Ni mimi, mwanao,
Magesa