Kipengele cha Tisa

Igoma, Mwanza
Jumatano

Kaka Elias,

Shikamoo. Wifi Dorotea msalimie sana, na watoto pia, mmoja mmoja kwa jina lake. Habari za hapo kisiwani, mwaloni mnakoshushia samaki? Nasikia dagaa wa giza lililopita walikuwa wengi mkakosa hata pa kuwaanika. Huku kwangu uzima upo. Mama alikuja Jumapili kutoka Magu, goti limepungua uvimbe. Alishinda hapa kibandani kwangu akiniuliza kila mashine niliyoifungua imekufa kwa ugonjwa gani, na nilipomwambia ni vumbi tu, akasema basi hata mashine zinahitaji mwanamke wa kuzifagilia.

Nimeandika kwa kalamu kwa sababu tangu ule mkutano hatujazungumza, na simu zangu hupokei. Nimepiga mara kumi na moja. Barua hii anakuletea Nestory wa boti ya mizigo, nimemwambia akukabidhi mkononi kabla ya Ijumaa. Jambo lenyewe ni hili: Jumamosi usiziuze zile PS4 nne za banda lako la gemu. Soma mpaka mwisho, kisha ukasirike.

Nianze na huo mkutano, maana wewe uliondoka nao kwa namna yako na mimi kwa yangu. Tulikuwa watu kumi na wanne nyuma ya banda la Rose pale Mkuyuni, wenye mabanda ya gemu kumi na mmoja na mafundi watatu, na kwa saa mbili na nusu tulijadili mashine ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona, kwa sababu haijatoka. Machibya alisema hiyo mpya utaishika mkononi kama simu. Mwingine akataka kujua kama mpira utatangazwa kwa Kiswahili. Rose akajibu kwamba ikiweza kutangaza Kiswahili, basi iwatangaze na wale wanaofungwa wakatoroka bila kulipa mechi. Tulicheka wote, hata wewe.

Ndipo Venant, fundi mwenzangu, akatoa karatasi yake. Akasema ana habari kutoka kwa mtu wa ndani kabisa, Mtanzania aliyeko huko kiwandani, na akasoma vipengele tisa: memori mara mbili, picha laini zaidi, pedi ya kukaa na chaji siku nzima, na mengine ya namna hiyo. Cha nane, haitakuwa na sehemu ya kuingiza CD. Cha tisa, siku itakapotoka, mashine zote za zamani zitazimwa kutoka huko huko, zibaki makopo. Nilisimama niseme neno. Kaka, ulinikata mbele ya watu. Ulisema, Kija kaa chini, wewe unashika bisibisi tu, mwenzio ana cheti. Nikakaa.

Sasa nakuandikia nililotaka kusema. Mashine zako hazijawahi kuunganishwa na mtandao hata siku moja. Nilizifunga mimi, najua. Mtu aliye ng'ambo ataizima kwa waya gani mashine iliyo kisiwani, inayokula umeme wa sola na kusoma CD? Hata Mama angeuliza swali hilo.

Na hata hiyo mpya ikitoka kesho, piga hesabu na mimi. Nilizipima zako hapa mezani: kila moja inakula wati tisini mpira ukichezwa. Nne ni mia tatu na sitini. Televisheni nne, hamsini kila moja, ni mia mbili. Jumla mia tano sitini, na sola yako inaziweza. Hiyo mpya, kwa nguvu wanayoisema, sioni ikishuka chini ya wati mia mbili. Nne ni mia nane, na televisheni, elfu moja. Ingekuzimikia saa nane mchana banda likiwa limejaa.

Haya, chukulia kweli haina CD. Gemu moja ya mpira, tuseme ni gigabaiti mia. Wakati wa Pasaka nilipima mtandao wa hapo mwaloni, ukibahatika unapata megabiti mbili kwa sekunde. Hiyo ni saa mia moja na kumi na moja za kushusha gemu moja, usiku na mchana bila kukatika. Siku nne na nusu na ushee. Wateja wako ni wavuvi, na wavuvi wa dagaa wanakaa nchi kavu siku kumi tu za mbalamwezi. Nusu ya mbalamwezi itaishia wakiangalia mstari wa kushusha ukijaa. Watakupigia makofi?

Mpaka hapa nimekuwa fundi. Sasa nakwambia lililonifanya nipige simu mara kumi na moja.

Unajua nilivyojifunza kazi hii. Hakuna aliyenilipia ada; nilinunua mashine mbovu kwa watu wa vyuma chakavu, nikazifungua moja moja mpaka zikanielewa. Miaka miwili sasa kila ninachokieleza kwenye grupu letu la WhatsApp, Venant anakirekodi kwa sauti yake na kukisambaza kama chake, na watu wanamshukuru. Nimelalamika, nikaambiwa nina wivu. Basi mwezi wa tatu nilisajili laini nyingine, nikajiita Mdau wa Kiwandani. Nikakaa na kalamu nikaandika makisio yangu kuhusu hiyo mashine mpya, vipengele vinane, kwa akili zangu zote. Halafu nikaongeza cha tisa, cha uongo, kikubwa kiasi kwamba mwenye cheti lazima akitambue. Nikamtumia Venant. Haikupita saa moja, akawa ametangaza kwenye grupu kwamba ana habari za ndani, atazisoma mkutanoni.

Nilipanga kumwaibisha siku ya mkutano. Ndiyo maana nilisimama. Uliponikalisha nilijisemea, sawa, acha waamini.

Na wameamini. Wiki ile ile bei za mashine za zamani zilianguka, na mimi fundi ninahitaji mashine za zamani. Nilimwambia Bagenda dalali anikusanyie. Rose aliuza mbili. Ziko hapa mezani kwangu na yeye hajui aliyezinunua. Alhamisi iliyopita Bagenda akaniambia kuna mwenye banda visiwani anauza nne safi kwa mpigo, tena hana maneno mengi. Nikasema chukua. Ijumaa akanitumia picha. Ya tatu ina skrubu ndefu ya redio kwenye kona, ile niliyoifunga mwenyewe nilipokosa ya kwake.

Kaka, mnunuzi wako wa Jumamosi ni mimi.

Ningekuandikia Ijumaa ile ile. Sikuandika. Nilikaa siku mbili nikiwa na hizo picha, na nisikudanganye, sikuwa nalia. Nilikuwa napanga pa kuziweka. Nilikuwa naona siku utakayokuja huku kununua mashine, unakuta zako zinafanya kazi, na mimi nakuuliza cheti changu kimekaaje. Jumapili Mama akiwa hapa aliuliza banda la Elias linaendaje, nikamjibu linaenda vizuri. Alifurahi. Kuanzia hapo ndipo nilipoanza kupiga simu.

Bagenda nimemwambia asije. Akija hata hivyo, mpe chakula apande boti arudi. Nauli yake ni yangu. Rose namrudishia zake kesho, namwambia na sababu. Kwenye grupu nitaandika kwa jina langu jioni ya leo. Venant atapata la kusema mwaka mzima, na kuna wateja watakaonihama. Hilo nimeshalipigia hesabu.

Sikuombi unisamehe kwa barua, na lile neno la bisibisi bado linaniuma. Mashine ni mali yako. Ukiisha kusoma yote haya na bado unataka kuziuza, ziuze. Ila usiniuzie mimi.

Mungu awalinde hapo ziwani, na mbalamwezi hii iwaletee watu. Mama anawasalimu, anauliza lini mtamletea sato wa kukaushwa.

Ni mimi mdogo wako,
Kija