Wagonjwa Wachache

Keji, mjukuu wangu,

Hapa Atlabara, Juba, tupo. Haboba, bibi yako, hajambo, ila analalamika kwamba Nairobi imekusahaulisha kupiga simu. Mimi nimechoka, na mguu bado umevimba.

Uliuliza kwa nini nakataa dawa ya kuzuia damu kuganda, wakati donge la damu mguuni linaweza kupanda hadi mapafuni. Nilikuwa naogopa ule mshipa uliovimba kichwani. Ukipasuka nikiwa natumia dawa hiyo, damu haitakatika upesi.

Nilipokuwa ripota kijana uhamishoni Kampala, daktari mmoja aliniambia kuhusu dawa ya aina hiyo: "Wagonjwa wachache niliowafuatilia hawakuvuja damu." Nikaandika kwamba wagonjwa hawavuji damu. Kesho yake alikuja ofisini na gazeti mkononi.

"Kijana, neno langu 'wachache' umelipeleka wapi?"

"Nafasi ilikuwa ndogo, daktari."

"Basi ungekata jina langu."

Tangu siku hiyo mimi humsikiliza zaidi mtu anayeniambia ujuzi wake unaishia wapi.

Jumatatu nilimuuliza daktari wangu hapa Juba kama utafiti unasema dawa ni salama kwa mtu kama mimi.

"Mzee, waliochunguzwa ni wachache," akasema. "Uvimbe wa mshipa wako ni mdogo, kwa hiyo naona hatari kubwa iko mguuni. Lakini siwezi kukuapia."

Nikamwomba maji, nikameza kidonge cha kwanza mbele yake.

Babu yako