Keki ya Wakwe

Kalemie, 4 Februari 1985

Julienne mwanangu,

Habari za Lubumbashi, na mjukuu wangu anaendeleaje? Sisi tu wazima, ila magoti yangu yananikumbusha umri. Keki ya ubatizo nitaioka mwenyewe, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, nije nayo kwenye ndege ya tarehe kumi na sita. Cyrille, mwana wa marehemu mdogo wangu, ananiomba nibebe na keki yake ya wakwe: “Mama mukubwa, njo gato ya bakwe yangu huko. Mutu asiionje.” Nimefurahi, kumbe ana mchumba.

Mama yako, Philomène

Lubumbashi, 9 Februari

Mama mpenzi,

Nakusalimu sana. Mtoto ananyonya vizuri. Mama, nimeogopa. Cyrille hana mchumba huku. Angekuwa naye, mimi dada yake ningekuwa wa kwanza kumpeleka kwa wakwe. Tangu waasi walipouvamia mji wa Moba mwaka jana, askari wa uwanja wa ndege wanapekua hata nepi. Ikate hiyo keki, au iache.

Binti yako, Julienne

Kalemie, 15 Februari

Mwanangu,

Salamu, na pole kwa wasiwasi. Keki ameileta leo, nzito kupita kiasi. Nimemtania kwamba wakwe watavunjika meno, hakucheka. Kisu nimekishika, nikakirudisha. Chakula cha wakwe hakionjwi njiani, na mdogo wangu aliniachia mtoto huyu akiwa anakata roho. Nitamwambiaje Cyrille kwamba nimemdhania mwizi? Kesho tutaonana, utanicheka.

Mama yako

Lubumbashi, 17 Februari

Mama,

Naomba barua hii ikukute mzima. Jana abiria walishuka mpaka wa mwisho, wewe hukuwemo. Wamenieleza: askari alitaka kipande cha keki, ukamkatalia kwa sababu ya wakwe, akaipasua kwa bayoneti. Ndani mlikuwa na dhahabu. Wanasema ni ya waasi.

Bahasha sijaifunga, wanaokushikilia waisome. Mabwana, keki ile niliiagiza mimi. Hakuna wakwe, mimi nilimdanganya mama yangu, naye aliniamini kwa kuwa mimi ni mtoto wake. Nakuja kwa ndege ya Jumatano, niulizeni mimi.

Mama, nisamehe kwa uongo huo. Naogopa sana, lakini nakuja. Mtoto nitamwachia mama mkwe wangu. Leo tumeanza kumfundisha kunywa kwa kikombe. Analia, anageuza uso, lakini atazoea.

Binti yako, Julienne