Bati Kwenye Mpekani wa Mama

Pine Fork, Georgia
Oktoba 20, 1974

Kwa dada yangu Ozella, huko Detroit kwenye baridi,

Nakuletea salamu nyingi kama majani, na majani ninayo ya kufagia mpaka Krismasi. Hujambo? Magoti yanasemaje? Shemeji simuulizi, najua yuko kwenye kiti chake anakula. Mimi ni mzima kuliko mwanamume yeyote wa miaka sabini na nne hapa kijijini, na ukiniuliza wako wangapi, tuko wawili. Makosa ya herufi usiyahesabu. Wewe ulikwenda shule, mimi nilikwenda shambani na nyumbu wa kulimia, na yule nyumbu alikuwa hajui kusoma.

Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, eti ni kweli mpekani wa Mama unakatwa? La pili, sanduku lako la kokwa za pekani za Krismasi litakuja lini? La kwanza nakujibu sasa hivi: haukatwi! Aliyekuambia unakatwa mwambie Cephus Tolliver bado anapumua, na shoka la kumpita yeye halijafuliwa. Mti ambao Mama aliupanda siku uliyozaliwa, akazika kitovu chako chini yake, aukate nani? Ukikatwa wewe utasema kwenu ni wapi? La pili litafika lenyewe, usinikimbize.

Lazima nianzie kwa kindi. Wa kwenu huko ni vipanya tu vya mjini vilivyopewa mikia ya manyoya. Wa hapa ni watu wazima. Kulikuwa na mmoja nikimwita Askofu, kwa sababu alichukua fungu lake kwanza, waumini tukagawana yaliyobaki. Alikuwa anakaa kwenye ua, anapasua pekani za Mama macho kwa macho na mimi, maganda ananitupia kwenye kofia. Mwaka aliofariki Mama, miaka minane sasa, nikasema imetosha. Nikabandua bati kwenye banda la kuku, nikalizungusha kwenye shina juu ya kichwa changu, nikalipiga misumari kumi na moja, likabana hata sisimizi angeomba ruhusa kupita. Askofu akaja mbio, akafika kwenye bati, akateleza kama mtu aliyekanyaga mafuta ya nguruwe. Puu! Akaanguka kwa makalio, akanitazama kama nimemtukana mama yake. Watu walitoka kanisani wakaja kuangalia. Niliwasimulia mara saba ule mwanguko, na kila nikiusimulia kindi anazidi kuwa mkubwa.

Ni mtu mmoja tu hakucheka. Unamkumbuka Leander Pruitt, jirani wa ng'ambo ya ua, sasa ni shemasi. Alisema Baba alikuwa anaacha nafasi ya kidole kati ya bati na shina, na kuliunganisha kwa springi, kwa sababu mti unanenepa kama mtu. Nikamwambia Leander, wewe mwangalie mkeo asinenepe, mti niachie mimi. Hapo watu wakacheka tena. Leander akavaa kofia yake akaenda zake.

Basi, kiangazi cha mwaka juzi majani ya juu yakaanza kugeuka njano. Mwaka jana matawi yakakauka, pekani zikatoka ndogo kama njegere, tena tupu ndani. Nikauzunguka mti nikitafuta muuaji. Chini kabisa nikakuta gome limechubuka, kovu la ukubwa wa kiganja. Nani ana mashine ya kukatia majani, ile ya kupanda kama farasi? Leander. Nani hunikatia majani upande wangu bila kuombwa, ili aonekane mwema? Leander. Nikasimama katikati ya barabara nikamtangaza. Nikasema amemuua Mama mara ya pili. Akaapa kwamba hakuugusa. Nikamjibu kwamba shemasi mwongo ni kama kinyesi kilichovaa tai. Tangu siku hiyo hakuna salamu. Kanisani nilihamia benchi la nyuma ya nguzo, nikawa nasikiliza mahubiri ya mbao.

Januari tawi kavu likaangukia paa la jiko la Leander, mkewe akiwa anakaanga samaki. Leander akamtuma mchungaji aje kuniomba kwa upole: mti ukatwe kabla haujaua mtu. Mchungaji akaja na bwana mmoja mjuzi wa miti, naye bwana huyo akagonga shina kwa kidole, akatazama juu, akasema huu unakufa, uondolewe mwezi huu. Nikamwambia hata yeye nikimgonga kichwa analia vilevile, mbona hatujamkata?

Siku ya wakataji wa yule bwana kufika nilikuwa tayari. Nilileta kiti cha Mama nikakiegemeza kwenye shina, nikajifunga mtini kwa mkanda wa suruali, nikawaambia kama ni kukata waanzie kiunoni. Suruali ilishuka, dada, sikufichi. Heshima haikushuka. Wakangoja, wakanywa kahawa yangu, wakala na maandazi yangu, wakapakia misumeno yao wakaondoka. Kijiji kizima kilikuwa barabarani. Leander naye alikuwa kwenye baraza yake, ananitazama tu. Nikampungia kofia kwa kumkera.

Hapo ndipo ninapoishiaga nikisimulia. Ukisikia kwa watu wengine utasikia mpaka hapo, na ni hadithi nzuri. Sasa kaa chini, Ozella, maana kuna mkia.

Februari nilitaka kupaka shina chokaa kama Mama alivyokuwa akipaka. Nikapanda ngazi kulitoa bati. Halikutoka. Misumari saba ilikuwa imemezwa. Nilipolibandua kwa patasi nikaona bati limezama ndani ya mti pande zote, kama pete kwenye kidole kilichovimba. Juu yake shina nene, chini yake jembamba, na katikati gome jeusi, limekufa kuzunguka mti mzima. Haikuwa mashine. Nilikuwa nimeunyonga mti wa Mama kwa mikono yangu, miaka minane, huku nikijisifu.

Unajua nilifanya nini? Nililirudisha bati lifunike. Nikashuka nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikaingia ndani. Nikakata vijiti vya mti uleule, nikavifunga kwenye gunia bichi, nikaviweka kwenye jokofu karibu na nyama ya nguruwe. Nilikumbuka Baba aliwahi kuuponya mpichi uliotafunwa na sungura: alipandikiza vijiti kama madaraja kuruka kidonda, chini mpaka juu, maji ya mti yapate pa kupita. Lakini Baba alikuwa na mikono. Yangu siku hizi inatetemeka. Nilijaribu kisu kwenye tawi la mazoezi nikajikata dole gumba. Nikangoja. Na vijiti havingoji mtu mwenye kiburi. Aprili ikipita, vimekufa.

Ikaja Jumapili ya kuoshana miguu. Unakumbuka ilivyo: wanaume upande huu, wanawake upande ule, kila mtu anajifunga taulo na kumchagua wa kumwosha, na huruhusiwi kukataa. Mimi niko nyuma ya nguzo yangu, viatu nimevua. Nasikia maji yanachezacheza. Natazama, ni Leander na beseni. Akapiga magoti, yakalia kama pekani mbili zinazopasuliwa kwenye ngumi moja. Hata wimbo ulikwama. Miguu yangu iko kwenye beseni, viatu viko mbali, nikimbilie wapi?

Nikasema, Leander, ni bati.

Akasema anajua. Hakuinua hata kichwa. Alisema miaka mitatu alikuwa anauona mti kutoka barazani kwake, mnene juu, mwembamba chini, kama mtu aliyekazwa mkanda. Na mashine yake ilikuwa ghalani imeharibika mwaka ule mzima. Kovu la chini, akasema, ni bampa la gari langu, alinisikia nikirudi nyuma nikagonga, nikaliambia gari samahani. Nikamuuliza, mbona hukuniambia, mwanaume mwenzangu? Akasema, “Nilikuambia mara moja, Cephus. Ukanijibu habari za mke wangu.”

Halafu akaanza kuosha katikati ya vidole, akaninong'oneza, “Na ile ndoo?”

Ozella, dada yangu, hapa ndipo penyewe. Sanduku la Krismasi iliyopita, lile uliloniandikia kwamba ulipasua ya kwanza ukalia, kwamba zina ladha ya uani kwa Mama kabisa, hazikuwa za Mama. Mti haukuzaa. Nilizikusanya alfajiri kwa ndoo, chini ya mpekani wa Leander, nikiwa simsalimii, nikiwa namwita muuaji mbele za watu. Aliniona kupitia dirisha la jiko lake. Akamwambia mkewe aniache, huyo anampelekea dada yake.

Kisha ikawa zamu yangu. Nikamwosha na mimi. Ana miguu mibaya sana, sijawahi kuona.

Jumatatu alivuka ua na kisu. Mikono yake bado imetulia. Alipandikiza vijiti tisa kuzunguka kidonda, misumari midogo, nta juu. Mimi nilishika na kutoa amri. Vitano vimeshika, vinapitisha maji. Lile tawi la juu ya jiko lake tulilikata wenyewe. Pale chini nimepanga matofali kuzunguka shina, mashine isikaribie, na gari langu pia. Yule mjuzi wa miti alirudi Septemba, akasema ni bahati tu, matawi ya juu bado makavu, unaweza kufa hata sasa. Huenda. Lakini utakufa umesimama, na mimi nikiwa nao, si kwa shoka la mtu anayegonga kwa kidole. Kama Mama asingetaka niupiganie asingenizaa na kichwa kigumu.

Bati jipya lipo, tangu Aprili, lina nafasi ya kidole na springi ya mlango. Ila Leander ameapa halipandishi mpaka nikuandikie wewe, kwa mkono wangu, habari ya ndoo. Nimemkatalia miezi sita. Miezi sita mti uko uchi na Askofu amejilia. Sasa hivi Leander amekaa kwenye ngazi yake nje, ananiuliza kwa sauti nimefika wapi. Nimemwambia nimefika kwenye miguu yake.

Katika sanduku utakuta mfuko mkubwa, ni wa Leander, nimeuandika jina lake. Kopo dogo ni la Mama, pekani kumi na moja, ndizo Askofu alizobakiza. Onja zote, halafu niandikie ukweli. Ukisema za Leander ni tamu zaidi, barua hiyo sitamsomea.

Msalimie shemeji, mwambie ainuke kidogo. Wasalimie wote wanaotujua.

Mimi ndugu yako, mnyonga mti, ambaye bado haukati,
Cephus