Kisu Kilichokula Vidole vya Lyle

Ranchi ya Nygaard,
Barabara ya Kijito cha Mierebi,
Sweet Willow, Montana.
Tarehe 9 Oktoba, 1984.

Mpendwa mdogo wangu Orrin,

Pokea salamu za huku nyumbani, ambako theluji ya kwanza imeanguka ikayeyuka, na upepo umerudia kazi yake ya kung'oa mabati ya banda. U hali gani, na bahari ya Alaska inawatendeaje? Wifi yangu Lavonne hajambo? Na Tilda, meno yameota au bado anacheka na ufizi? Sisi tu wazima kwa kadiri yetu. Mama magoti yanamsumbua, lakini mdomo wake haujapata ugonjwa wowote.

Barua yako ilifika, na picha ya boti tumeibandika jikoni. Umeniuliza ununue kisu gani cha kukunja kwa kazi ngumu ya kamba na nyavu, maana chumvi imekila kile cha zamani. Umeuliza kwa mstari mmoja, kama mtu anayeuliza bei ya mayai. Mwaka jana nami ningekujibu kwa mstari mmoja. Sasa mimina kahawa ukae chini.

Mwezi wa Mei tulikuandikia kwamba shemeji yako Lyle aliangushwa na farasi akavunjika nyonga. Hiyo ilikuwa nusu ya habari. Lyle ndiye aliyenikataza kukuandikia iliyobaki. Alisema, "Orrin yuko juu ya maji, mwache na akili yake." Nusu ya pili ndiyo hii.

Unamkumbuka Verlyn Pruett, yule aliyekuwa akikaa nyuma yako darasani na kukunyang'anya mkate wako wa nyama? Siku hizi anauza visu. Anavibeba nyuma ya pikapu ndani ya sanduku lenye kitambaa chekundu, na kila kimoja kina mhuri wa watengenezaji wazuri wa mashariki. Mhuri ule ni wa uongo, lakini sisi tungejuaje? Mtu tumebatizwa naye kanisa moja. Alimwambia Lyle, "Hiki, ndugu yangu, hata mlango wa jela unafungua." Lyle akakinunua, akafurahi nacho kama mtoto.

Siku ya kupiga ndama chapa, Lyle alimtupia kamba mtamba mmoja mkorofi. Mtamba akazunguka nyuma ya farasi, farasi akapagawa, na kamba ikamzinga Lyle mguu ikamshusha chini. Akafanya ambalo mimi na wewe tungelifanya. Akatoa kisu, akakifungua, akalikandamiza bapa kwenye kamba. Kamba ilikuwa nene na imelowa, bapa likakwama. Akasukuma kwa nguvu zaidi. Hapo komeo la kisu, kile kichuma cha mgongoni kinacholizuia bapa lisijikunje, kikaachia. Bapa likajifunga juu ya vidole vyake kama mlango uliopigwa na upepo.

Vidole viwili vya mkono wa kulia, Orrin. Na farasi alikuwa bado anamburuta.

Nilikuwa kwenye uzio na shoka la kuchongea nguzo. Nilikimbia sijui vipi. Kamba ilipopita juu ya gogo nikaikata kwa pigo moja, na yale maneno niliyomwambia yule farasi namshukuru Mungu kwamba Mama hakuyasikia.

Lyle alipotoka hospitali nilikifunga kile kisu kwenye leso nikaenda nacho mjini, kwa Ione wa mgahawa. Verlyn alikuwa amekaa na wanaume, wanakunywa kahawa. Nikakiweka mbele yake.

"Verlyn, komeo la kisu chako limeachia. Lyle hana vidole viwili."

"Pole sana, Arlys. Pole kabisa. Lakini kisu hakina kosa, dada. Lyle anashika kisu kama bibi harusi anavyokata keki!"

Wakacheka. Mzee Ansgar akacheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Ione peke yake ndiye hakucheka. Alikuja akaufuta upande wa meza niliposimama, ingawa haukuwa na uchafu.

Lile neno lilifika nyumbani kabla yangu. Unajua huku kwetu maneno hayahitaji barabara. Hata nyonga ilipomruhusu kutembea, Lyle hakwenda mjini wala kanisani. Mkono ukawa mfukoni hata wakati wa kula. Mtu aliyepiga fidla kwenye harusi zote za bonde hili, hata yako, akaipandisha fidla juu ya kabati na kuigeuza uso ukutani.

Mimi sikulia, mdogo wangu. Nilikiweka kisasi kama watu wanavyoweka nyama kwenye friji la barafu, ili kisioze. Nilifikiria kuyachoma majani yake makavu. Nilifikiria kumkatia seng'enge, ng'ombe wake watawanyike hadi mpakani. Nililala na mawazo hayo na kuamka nayo, na nakwambia kweli, yalinipa nguvu ya kukamua, kupika na kumgeuza mume wangu kitandani. Lakini kila nilipoyapima niliyaona madogo. Verlyn hakutuchomea majani. Alikifanya kilema cha mume wangu kichekesho cha mji. Basi nikataka mji ule ule umcheke yeye.

Nilingoja maonyesho ya wilaya ya mwezi wa Agosti. Meza yake ilikuwa kati ya banda la mboga na hema la pai, na watu wamejaa. Mimi nilitoka banda la mboga na fungu la karoti zangu, zimepata utepe wa mshindi wa pili. Aliponiona akapaza sauti.

"Karibu, Arlys! Leo unamtafutia Lyle kisu cha siagi?"

"Natafuta kisu cha kazi ngumu. Nichagulie kilicho bora kuliko vyote."

Akachagua kikubwa, chenye mpini wa pembe ya paa. Akakifungua, akakichoma kwenye nguzo, akakichomoa. "Hiki hakitakuangusha."

"Vizuri. Sasa kishike ulivyokishika hapo, vidole vyako viwe pale pale, ukigonge mgongo wa bapa kwenye ukingo wa meza."

Akacheka. "Kisu hakitengenezwi ili kigongwe hivyo."

"Si kinafungua mlango wa jela?"

"Arlys, kuna watu hapa wanataka kununua."

"Na mimi ni mmoja wao. Gonga."

Nyuma yangu nikasikia sauti ya Mzee Ansgar, yule yule wa kahawa puani. "Gonga basi, Verlyn, tuone. Nami ninacho kimoja."

Hakugonga. Nilimwona akiviangalia vidole vyake, na Mungu anisamehe, niliona raha. Nikakichukua kisu mkononi mwake, nikalaza karoti mbili kwenye mpini mahali vidole vinapokaa, nikaushika mpini ubavuni, nikagonga. Hata sikugonga kwa nguvu. Bapa likaruka likajifunga, na vipande viwili vya karoti vikaanguka juu ya kitambaa chekundu. Mtoto wa mtu akasema "Yesu!" na mama yake hakumkemea.

"Sasa toa kisu chako mwenyewe," nikamwambia. "Kile cha mfukoni, unachokatia kamba za majani makavu."

Mkono wake ukagusa mfuko kabla hajauzuia. Mzee Ansgar akanyoosha kiganja, akakiacha hapo hewani mpaka Verlyn akakitoa. Kilikuwa kisu cha marehemu baba yake, kizito, kina mashavu ya shaba. Nikakigonga, nikarudia, nikarudia tena. Karoti ikabaki nzima.

"Mbona wewe hubebi vya kwako, Verlyn?"

Ndipo mmoja kule nyuma, sikumjua ni nani, akasema, "Labda anaogopa kukata keki!"

Kicheko kilichotoka hapo, Orrin, laiti ungekisikia! Kilianza kwa wanaume wa ng'ombe kikaingia mpaka hema la pai. Mzee Ansgar hakucheka. Alitoa kisu chake mfukoni akakitupa juu ya meza, kikafuatiwa na cha mwingine, na cha mwingine. Mbio za farasi hazijaanza, Verlyn alikuwa amekunja meza yake na kuondoka. Tangu siku hiyo sijasikia kwamba ameuza hata wembe.

Mkewe, Doreen, alikuja na pai ya tufaha. Nilimkaribisha kahawa, kwa kuwa yeye hajanikosea. Pai niliwapa kuku. Wao walikula bila kinyongo.

Nilimsimulia Lyle jioni ile. Akaniambia nisimulie tena. Nilipofika kwenye karoti akacheka mpaka akaishika nyonga, kisha kicheko kikageuka kitu kingine, nikatoka nje nikampa nafasi yake. Jumamosi iliyofuata alivaa kofia akaniambia niwashe gari. Kwa Ione alikaa meza ya katikati, akauweka ule mkono juu ya meza kando ya kikombe, wazi, kila mtu auone. Verlyn alikuwa kwenye kiti kirefu cha kaunta. Akateremka, akaacha kahawa yake inatoa mvuke, akapitia mlango wa jikoni.

Sasa kisu chako. Usikubali mhuri wala maneno. Kigonge mgongo mbele ya muuzaji, na vidole usiviweke njiani. Ukilishika bapa lililofunguliwa na kulitikisa kushoto na kulia, lisicheze hata kidogo. Mpini uwe mnene wa kujaza kiganja chenye glavu, wala usiteleze kwa utumbo wa samaki. Chagua chuma kisichoshika kutu, hata kama kunoa kwake ni taabu. Uweze kukifungua kwa mkono mmoja, maana baharini mkono mwingine ni wa kujishikilia. Na kiwe na tundu la kupitishia kamba, ukifunge kiunoni. Muuzaji akikuhimiza ununue upesi, mwombe akuonyeshe anachobeba yeye.

Mchungaji alikuja juma lililopita. Amesikia kwamba sijampa Verlyn mkono mlangoni pa kanisa. Akaniambia nikishindwa kusamehe, basi angalau nimwombee. Nimetii. Kila asubuhi namwombea Verlyn Pruett maisha marefu, afya njema na macho makali, na kwamba isipite siku asipokutana na mume wangu akimwinulia kofia kwa mkono wa kulia. Lyle anasema hiyo siyo sala. Lakini kila akimwona Verlyn ng'ambo ya barabara, anaiinua kofia.

Mama anakusalimu na kukuuliza kama unavaa soksi za sufu. Shangazi Gudrun anasema umekuwa bahili wa barua. Lyle anamsalimu Lavonne kwa heshima, na Tilda mpigie busu la shangazi yake kwenye huo ufizi. Mungu aishike boti yenu kama anavyoushika mkono wake mwenyewe, na awarudishe wote wazima, kila mtu na vidole vyake.

Ni mimi dada yako nikupendaye, uandike usiandike,
Arlys