Kamusi ya Baba Bila Alama

Jumatatu, 3 Machi
Chai, dawa ya Baba, kisha kompyuta. Leo herufi T. Baba kando yangu, blanketi magotini, na mtaa wote wa Donholm unachemka kwa joto. Tangu astaafu ukarani wa reli anakusanya maneno ya Kimaragoli, lugha ya kwao. Yeye anasema, mimi nachapa. Maneno yote nimeshachapa, sasa juu ya irabu tunaweka alama: hapa sauti inapanda, hapa inashuka. Ukizitoa, maneno mawili tofauti yanakuwa moja. Zimebaki kurasa chache. Afadhali, maana ameanza kusahau. Jana aliniuliza kama treni ya Kisumu imeshatoka.

Jumatano, 5 Machi
Barua pepe ya mhariri wa kampuni ya vitabu. Wataichapisha kamusi. Nilimsomea Baba mara mbili, akafurahi mara mbili, kila mara kama habari mpya. Shida moja. Kompyuta yetu ni kuukuu, fundi aliiwekea Linux, ule mfumo wa bure, na programu yake ya kuandikia huhifadhi faili kwa muundo wa odt. Wao wanataka docx. Mwisho tarehe 17.

Ijumaa, 7 Machi
Nilimtumia herufi A peke yake kama sampuli, kwa docx. Mhariri akapiga simu. Majedwali yamevurugika, alama nyingine zimehamia herufi ya jirani. Nikamtumia hiyo A kwa PDF. Inapendeza, lakini hawezi kuihariri.
"Basi nitumie maandishi matupu," akasema. "Tutayapanga sisi wenyewe hapa."
Ilisikika rahisi.

Jumapili, 9 Machi
Kanisani sikwenda. Faili kumi na tisa, moja kwa kila herufi. Kila nikihifadhi maandishi matupu, dirisha linauliza nitumie usimbaji gani, yaani kompyuta itunze herufi kwa mfumo upi. Orodha ndefu ya majina nisiyoyajua. Nilichagua la kwanza. Kila mara la kwanza. Programu ikaonya kwamba huenda kuna vitu vitapotea. Onyo hilo nimeliona mara nyingi na sijawahi kupoteza kitu. Nikakubali. Halafu nikafuta odt zote nisije nikachanganya matoleo. Nikamwaga hata pipa la taka. Nilijiona mtu nadhifu.

Jumatatu, 10 Machi
Nilifungua herufi M kuhakiki. Kila palipokuwa na alama pana kiulizo. Irabu na alama yake vimekwenda pamoja. Nikafungua N. Nikafungua zote. Viulizo tupu. Kwenye flashi nina nakala, lakini ni ya zamani, kabla hatujaanza kuweka alama. Irabu zitarudi. Sauti hazirudi.
Baba alikuwa anakunywa uji. Sikumwambia.

Jumanne, 11 Machi
Nilibeba kompyuta hadi mtaa wa Tassia kwa fundi wetu, mama mmoja mpole asiyependa maneno mengi. Alihangaika nayo kutwa.
"Madam, hii imeenda," akasema. "Ungeacha odt ibaki yako, usiiguse. Hawa wengine unawatolea nakala, vile kila mtu anataka."
Sentensi mbili tu. Ningeambiwa wiki jana. Lakini wiki jana sikuuliza mtu. Nilikuwa najua.

Alhamisi, 13 Machi
Nimebaki na Baba tu. Nilimsomea maneno ya herufi B, nikiyatamka hovyo makusudi ili anisahihishe. Alinisahihisha saba, haraka, kwa ukali wake wa zamani. Nikapata tumaini. Nikasoma la nane. Akanitazama.
"Mama, hii ni lugha gani?"
Ameniita Mama tangu nizaliwe, kwa sababu nina jina la mama yake. Leo sikujua anamwita nani. Nilikwenda jikoni, nikafungua bomba, nikalia.

Ijumaa, 14 Machi
Nilimpigia shangazi yangu, dada yake Baba, kule Vihiga. Alinipa maneno kama thelathini. Baba alisikia simu, akakasirika.
"Hivyo ndivyo wanavyosema kwa kina mumewe. Si kwetu."
Yupi yuko sahihi? Siwezi kuamua. Mimi nimelelewa kwenye nyumba za reli. Kimaragoli nakisikia, kukisema nababaika. Nimechapa maneno zaidi ya elfu tatu na masikio yangu hayakushika hata moja. Najichukia.

Jumamosi, 15 Machi
Nilimweleza mhariri yote. Alikuwa muungwana, na hilo liliniumiza zaidi. Watachapisha bila alama. "Wengi hawatagundua," akasema. Baba angegundua. Baba wa mwaka jana.
Jioni nikamwambia. Nilisema polepole, nikiwa nimemshika mkono: Baba, nimepoteza alama zako. Akanipapasa kiganja, akasema si neno, zitaonekana. Akaomba chai.

Jumatatu, 17 Machi
Nimetuma. Herufi A ina alama, kwa sababu ya ile sampuli ya PDF. B ina maneno saba. Baada ya hapo hakuna. Ya shangazi sikuyaweka. Ukurasa wa mbele nimeongeza mstari mmoja: alama zilipotezwa na mchapaji, si na mwandishi.
Baba aliutazama ukurasa wa jina kwa muda mrefu. Akauliza nani ameandika kitabu kikubwa namna hii. Nikamwambia ni yeye.
"Huyo mtu alikuwa na subira," akasema.
Nimemkata kucha. Sasa amesinzia kitini. Nje mvua imeanza, nguo nimeshaanua.